Blowa ya Muuza Samaki

Shida zilinianzia mwaka 1954, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikufa, nikaacha shule. Miaka ya sitini ilinikuta fundi wa magari Busia, na hakuna aliyenisomesha ufundi huo.

Muuza samaki mmoja akaniletea blowa, mashine ya kuisukumia injini hewa, iliyotoka kwenye gari lililogongwa. Alitaka gari lake likimbie, samaki wafike Tororo kabla hawajaoza. Gari hilo ndilo lililolisha watoto wake.

Lakini mafundi wa kwetu, injini ikichemka na hedi, kifuniko chake cha juu, ikapinda, waliikwangua tu ikae sawa. Hedi ya gari lake ilikuwa imekwanguliwa mpaka hewa ndani ikabanwa kupita kiasi.

Nikamwambia, "Ukiongeza blowa hapo, pistoni zitatoboka."

"Fundi, waogopa kama kuku aliyeona mwewe!"

"Nakuogopea wewe, ndugu yangu. Mimi sina samaki."

Akacheka, kisha akalitazama gari lake kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikamhurumia. Nikakata bati la shaba kwa mkasi, nikalipachika chini ya hedi, kati ya gasketi mbili za kuzibia, ili hedi iinuke na hewa ipate nafasi. Ndipo nikaifunga blowa. Tulikwenda pamoja hadi Tororo, nimetega sikio nisikie kama injini inagonga. Haikugonga. Samaki walifika wabichi, na wenzake wakaanza kuniletea magari yao.

Leo nina gereji, nyumba ya matofali, shamba Masinya, ng'ombe, na ule mkasi uliokata shaba.