Cheni Iliyomchongea Bibi Asha

Cheni ya baiskeli ndiyo iliyomchongea bibi yangu kwa babu.

Msicheke. Babu Shaban alinisimulia mwenyewe, bibi akiwa pembeni anamsahihisha, nami nawapa kisa kama nilivyokipokea.

Ni mwaka 1951, enzi za Mwingereza. Babu alikuwa fundi cherehani Bukoba mjini, amepanga nyumba mtaa wa Bakoba. Alikuwa na mke, Asha binti Omary, na alikuwa na baiskeli. Majirani walibishana anampenda nani zaidi.

Kila Ijumaa baada ya swala, baiskeli inapinduliwa uani, magurudumu juu. Shaban anafungua kile kiungo chenye klipu ndogo, anaitoa cheni nzima, anailoweka kwenye mafuta ya taa. Anasugua giya ya mbele na ya nyuma kwa nyuzi za mgomba. Cheni ikikauka, anatia mafuta ya cherehani, tone moja kila kiungo, kisha anapangusa.

"Mafuta yakizidi yanakaribisha vumbi," alikuwa akimwambia Asha, ambaye wala hakuwa ameuliza.

Kazini alikwenda kwa miguu. Baraza alikoshonea haikuwa mbali, na hakutaka baiskeli ichomwe jua bure.

Sasa sikia.

Ijumaa moja anafungua cheni, anakuta vumbi jekundu limegandamana ndani ya viungo. Na wiki nzima hajaipanda! Akasugua, akairudisha cheni.

Ijumaa ya pili, vumbi lilelile. Safari hii kwenye ekseli ya nyuma kuna uzi umejizungusha. Akauvuta, akausokota kati ya vidole. Fundi haulizi mtu. Ulikuwa uzi wa kaki, wa suruali nzito.

Nani anavaa kaki? Matarishi. Makarani. Askari. Wanaume watupu.

Akautia uzi mfukoni, akamwita mkewe.

"Asha, kuna mtu alikuja kuazima baiskeli?"

"Hapana, bwana."

"Hata jirani?"

"Nani atathubutu kuigusa baiskeli yako?" Akacheka, lakini macho aliyakwepesha, na babu akaona.

Angeuliza tena, yangeisha pale pale. Hakuuliza. Akajijibu mwenyewe: kuna mwanamume anaingia nyumbani kwangu nikiwa kazini, na akishiba anachukua na baiskeli yangu. Usiku ule hakulala, wivu ulimtafuna mpaka alfajiri.

Jumatatu asubuhi akaingia uani, akaichomoa ile klipu, akaitia mfukoni.

Hapa nieleze kidogo. Baiskeli ile haikuwa na breki ya mkono. Ukitaka kusimama unakanyaga pedali kinyumenyume, na kazi yote inabebwa na cheni. Cheni isiyo na klipu huvumilia ukienda polepole. Ukikanyaga kwa nguvu inafunguka, na breki ndiyo imekwenda.

"Nilitaka avunjike mguu," babu aliniambia. "Nimuone anachechemea mjini, nimjue."

Akaaga kama kawaida. Akazunguka, akajibanza kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Saa nne hivi mlango wa uani ukafunguliwa. Akatoka mtu mwenye suruali ya kaki na koti, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, kikapu mkononi. Akakifunga kikapu kwenye keria.

Babu akakunja ngumi.

Mtu yule akageuka kuvuta mlango. Kofia ikasogea.

Alikuwa Asha.

Na suruali ilikuwa ya Shaban mwenyewe, ile kuukuu ya kufanyia kazi za uani. Babu akakumbuka klipu iliyo mfukoni. Mbele ya nyumba ile barabara inateremka moja kwa moja hadi Mto Kanoni.

"Asha! Simama!"

Asha akasikia sauti ya mumewe, akajua amefumaniwa. Mke wa mtu, tena Mwislamu, ndani ya suruali, juu ya baiskeli, miaka ile? Akaona heri akimbie kwanza, aibu ataijibu baadaye. Akairukia baiskeli, akakanyaga kwa nguvu zote.

"Usikanyage! Asha, usikanyage!"

Kadiri alivyopiga kelele ndivyo mke alivyozidi kukanyaga.

Kla!

Cheni ikaanguka barabarani. Babu akaiona miguu ya mkewe ikirudisha pedali nyuma, mara moja, mara mbili, na baiskeli inazidi kwenda. Mwanamke mmoja akatupa mkungu wake wa ndizi, akaruka kando. Babu alikimbia kanzu imeshikwa mkononi, kandambili zimebaki njiani, anamwomba Mungu amchukue yeye amwache Asha.

Karibu na daraja Asha akakata usukani kuelekea kwenye matete. Akapaa.

Babu alimkuta kwenye matope, mkono wa kulia umepinda pabaya. Mzima. Alilia kwa sauti mbele za watu, na bibi anaapa kwamba yeye mwenyewe hakulia.

Bibi alikuwa anaiangalia giya. Baba yake alimfundisha baiskeli tangu mtoto, alikuwa anaijua vizuri.

"Jana klipu ilikuwepo," akasema.

Babu akaanza kumpangusa matope.

"Shaban, nani ameitoa?"

"Mimi. Sikujua ni wewe!"

"Kwa hiyo ulitaka afe mwingine?"

Babu akageuza macho pembeni. Akaona kikapu kimemwagika: ndizi zilizopikwa na maharage, kipande cha sabuni, kitenge kilichokunjwa vizuri.

"Ni vya nani hivi?"

"Vya mama yako. Macho yake yamekufa, waitu, bwana wangu, hata moto hawezi kuwasha. Ulikataza jina lake lisitajwe nyumbani kwako. Ningekuambia vipi?"

Basi mjue. Babu alizaliwa Datius, Mkatoliki wa kule Kashozi. Aliposilimu ili amuoe Asha, mama yake, Theopista, alitangaza kwamba Datius wake amemzika. Babu naye akaapa hatakanyaga tena kwa mama yake. Miaka sita ilipita. Barabara ya Kashozi ndiyo yenye lile vumbi jekundu.

Siku ya tatu, Asha akiwa amefungwa mkono, babu aliirudisha klipu, akampakia kwenye keria akapanda naye hadi Kashozi, vilima akisukuma. Walipofika, Theopista alikuwa amekaa mlangoni.

"Asha, ulipotelea wapi? Na uko na nani?"

"Nimekuja na mgeni, mawe," akajibu, yaani mama kwa Kihaya.

Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna. Theopista akapapasa kikapu chake, akatoa punje chache, akazinyoosha hewani. Babu alizipokea kwa mikono miwili. Kupewa kahawa ya ugeni na mama aliyekuzaa, alisema, kuliuma kuliko matusi yote ya dunia.

"Mgeni, jina lako?"

Angeweza kusema Datius amalize ugomvi. Lakini alikuwa amechoka na uongo.

"Shaban, mawe."

Kizee akatafuna kahawa yake mpaka ikaisha.

"Shaban," akasema, jina hilo mara ya kwanza maishani mwake, huku akipapasa mkono wa Asha uliofungwa. "Kaa basi. Mkeo umemfanya nini mkono?"

Akamweleza yote, na mama akampiga kofi la kwanza tangu utotoni.

Mkono wa bibi haukunyooka tena. Kila alipotupakulia chakula kwa mkono ule, babu alikuwa anaangalia pembeni.

Ndugu yangu, ukimshuku mwenzako, muulize. Akikwepa, muulize tena, hata kama utaonekana mjinga. Babu angevumilia ujinga wa siku moja, badala ya ule mkono aliouona kila siku miaka hamsini.