Makochi Niliyoyapunguza

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu. Mchoraji Mkuu wa ofisi yetu ya ramani, pale Temeke, alinitazama na shati langu jipya, akauliza, "Kijana, kochi la watu watatu lina urefu gani?"

Nikasema sijui.

"Sasa sebule utaichoraje? Chukua futi, kapime."

Wiki nzima nilizunguka majumbani kwa watu nikipima makochi, makabati ya vyombo, hata mikeka ya kulia chakula. Mzee yule hakupitisha ramani mpaka umwonyeshe watu watakaa wapi siku ya shughuli, vitu vikishatolewa nje. Nilimwona msumbufu. Mungu amrehemu.

Baadaye nikahamia kampuni iliyojenga nyumba za bei nafuu Kigamboni. Sebule zake zilitimiza kipimo cha chini kinachotakiwa, ila milango minne, wa nje, wa jikoni na ya vyumba viwili, yote ilifungukia humo. Ukiacha njia ya kupita, mahali pa kukaa hakuna. Nilipochora makochi kwa skeli, yaani kwa kuyapunguza sawasawa na kuta zenyewe, yaliziba mlango wa jikoni.

"Punguza makochi," Meneja Mradi akasema.

Nikafuta moja.

"Aah, yaache yote! Yafanye madogo tu. Nani atapima?"

Nikayafanya madogo. Sisingizii njaa, nilipenda kusifiwa kwamba kazi yangu haichelewi. Picha ikatiwa rangi na zulia, na watu wakanunua nyumba kwa kuitazama karatasi.

Mmoja wao alikuwa mdogo wangu Zuhura, mwalimu. Alikuja nayo mkononi. "Kaka, we ndo mtaalamu. Makochi yangu yataenea kweli?"

"Yataenea," nikamjibu. Nilimdanganya ndugu yangu wa tumbo moja, macho makavu.

Walipohamia yeye na mumewe, makochi mawili yaliishia kibarazani chini ya turubai. Zuhura aliwalaumu mafundi kwamba wamekosea vipimo, nami nikaitikia. Hilo linanichoma kuliko uchoraji wenyewe.

Kisha mumewe akafariki. Tulitoa kila kitu sebuleni, tukatandika mikeka, kwa kuwa mjane hukaa ndani na wanawake huja kukaa naye. Walienea wanane. Anayekwenda jikoni anawaruka miguu, na shangazi yetu, mtu mzima wa magoti mabovu, amesimama nje juani. Nilipoingia kumpa pole mdogo wangu, alinishika mkono.

"Kaka, ile ramani si ya ofisini kwenu?"

"Niliichora mie."

"Na makochi yale?"

"Mie pia. Nilijua hayataenea."

Aliuachia mkono wangu. "Basi toka, kaka. Umpishe shangazi akae."

Sasa nimestaafu. Wachoraji vijana huniuliza siri ya kazi, nami huwaambia wachore kochi kwa ukubwa wake, hata bosi akinuna. Wengine hucheka, na mimi pia nilimcheka Mchoraji Mkuu.

Eda ya Zuhura imekwisha zamani. Nikienda kwake hunipa shikamoo, hunimiminia chai, huniuliza habari za wajukuu. Hajawahi kunitolea neno baya. Ila kiti changu huniwekea nje.