Chungu Namba 418

Daktari aliniuliza mama anakunywa maji gani, nikataka kucheka.

Nilikuwa nimevaa shati la kazini, mgongoni limeandikwa MAJI SALAMA KWA KILA NYUMBA. Mwaka wa nne huu natengeneza vyungu vya kuchujia maji. Kweli mimi ndiye wa kuulizwa swali hilo?

"Ya kuchuja," nikamjibu. "Chungu nimempelekea mwenyewe."

Akaandika kitu, akaenda zake. Mama alikuwa anaharisha siku ya tatu, macho yameingia ndani, dripu mkononi.

Siku ya nne akafariki.

Nawasimulia hivi hivi, kavu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikulia. Nilikufa ganzi. Watu wakiniuliza habari za jeneza, najibu kama karani dirishani.

Ngoja kwanza niwaeleze kazi yetu.

Tunachanganya udongo wa mfinyanzi na unga wa mbao, tunafinyanga, tunachoma kwenye tanuru. Unga unaungua, unaacha vitundu ambavyo jicho halivioni. Maji yanapenya, vijidudu vinakwama. Bei yake hata mtu wa vibarua anaimudu.

Mimi ni wa kupima. Najaza chungu maji, nakitazama saa nzima. Kikitoa lita mbili, safi. Kikitoa nne, ujue vitundu ni vikubwa, kinapitisha maji pamoja na magonjwa yake.

Hicho nakivunja kwa nyundo hapo hapo, halafu naandika daftarini.

"Kibovu kisitoke mlangoni kikiwa kizima," fundi mkuu hutuambia kila asubuhi, mpaka tunamwigiza akigeuka.

Sasa 418, jamani, kilikuwa kizuri. Mdomo umenyooka, rangi imeiva sawasawa. Kilitoa lita tano. Nikainua nyundo, mkono ukagoma.

Nikasema moyoni, hiki mama atapandia maua.

Daftarini nikaandika "kimevunjwa", nikatia saini. Chungu nikakificha kwenye mfuko, nikampelekea.

"Cha maua hiki, mama," nikamwambia, mguu mmoja tayari uko nje. Nilikuwa na haraka zangu, sikungoja kuona kama amenisikia.

Kile cha kuchujia alikuwa nacho tangu zamani, na kila nikienda alikuwa anakisema.

"Mwanangu, chungu chako kimerithi uvivu wa marehemu baba yako. Mpaka kitoe jagi moja, mtu kashasahau kiu."

Nilikuwa nacheka tu. Hata siku moja sikumwambia kwamba ule uvivu ndiyo kazi yenyewe.

Siku ya tatu baada ya mazishi, nikiwa bado nyumbani kwa mama, alikuja jirani wa mlango wa pili. Wote tunamwita Mama Kichanga. Mtoto mgongoni, mikononi ndoo yenye bomba, ndani yake chungu chetu.

"Nimekuja kukirudisha," akasema. "Mama alinipa mwezi uliopita. Huyu mtoto alikuwa haachi kuharisha. Tangu siku ile hajaumwa tena."

"Na yeye akabaki anatumia nini?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema umemletea kipya, kinakimbia kuliko hiki. Alifurahi sana. Akaniambia, mwanangu kumbe alikuwa ananisikia nikilalamika."

Niliingia jikoni. Ndoo nyingine ilikuwa juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Nikatoa chungu, nikakigeuza.

418. Mwandiko wangu, niliuchora kwa msumari udongo ukiwa bado mbichi.

Niliporudi sebuleni nilimwambia Mama Kichanga abaki na chungu cha mama.

Kesho yake nilimfungulia fundi mkuu daftari, nikamweleza yote. Nilijua kazi ndiyo basi tena.

Alikaa kwenye kiti, akavua miwani.

"Mama alikuwa anajua kwa nini tunavunja vinavyokimbia?"

"Hapana."

"Tumeuza vyungu vingapi bila kumwambia mtu jambo hilo?"



Hakunifukuza. Aliniondoa kwenye kupima, akanipa kazi ya kupeleka vyungu majumbani. Kila nyumba nakaa nao, namimina maji, tunayasubiri yadondoke. Nawaambia: siku kikianza kukimbia, msinywe. Wengine wanapiga miayo, nami nawarudia tena.

Wewe unayesoma, kama kazini kwako kuna jambo unalijua ambalo linaweza kuua mtu, anza kulisema kwenu. Usidhani wanajua kwa sababu tu ni watu wako. Mama alikuwa ananiamini, basi. Nafikiri ndiyo maana hata hakuniuliza.

418 nilikirudisha kazini. Nyundo mara mbili tu, kikasambaa sakafuni.

Nikafungua daftari niandike. Palikuwa pameshaandikwa.