Nilicheza kwa Jina Lake

Silipendi jina lile, na lenyewe ni jina zuri tu, la mtoto wa watu wa Newala. Nilicheza kwa jina hilo wiki moja, na mpaka leo sitaki kulisikia.

Mwaka huo nilikuwa nyumbani Lisekese, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyosemeka. Nilichokuwa nacho ni mpira wa wavu. Mwalimu wa michezo wa shule moja ya Newala akaja na pikipiki kuniomba kwa mama. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamekaribia na hakuwa na mpigaji. Fomu alishaijaza kwa jina la mwanafunzi wake mmoja, msichana ambaye mpira ukimjia alikuwa anafumba macho. Nilijua huko ni kuwa mamluki, ila shule gani haikuwa na mamluki wake?

"Jina ni kitu gani, mwanangu?" mwalimu alisema. "Wewe cheza. Ukionekana, umeonekana."

Nikaonekana. Fainali ilifika seti ya tano, na mpira wa mwisho niliumaliza mimi. Mgeni rasmi alipotaja mchezaji bora nikapiga makofi pamoja na wenzangu, mpaka mwalimu aliponifinya bega. Ni wewe huyo, inuka. Nikaenda kupokea cheti.

Baada ya miezi michache barua ikaja. Timu ya taasisi moja ilimtaka msichana yule, na ajira juu yake. Barua ilikwenda shuleni, kwa mwenye jina, na mwenye jina akaenda. Walipoona hajui kitu alisema ameumia goti, wakampa kazi ya kutunza jezi, kisha wakamhamishia ofisini. Wahenga walisema chema chajiuza. Mimi nilijiuza kweli, akala mwingine.

Maisha yangu ya mpira yakawa mabonanza ya Mkomaindo, na mbuzi mmoja wa zawadi wa kugawana watu kumi na wawili, mpaka goti langu, la kuumia kweli, lilipokataa. Siku hizi asubuhi niko mikoroshoni na jioni nafundisha wasichana kuruka. Kila mmoja namwambia acheze kwa jina lake au akae nyumbani. Wananiona mkali bure.

Msimu uliopita mwenye jina akaja. Alishuka kwenye gari la ofisi na doti ya khanga na sukari kilo mbili.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama yangu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mimi akaniita dada. Alikuwa anataka cheo cha kusimamia michezo yote ya pale kazini kwao, na wakubwa walikuwa wanadai vyeti vya zamani. Cheti kile nilikuwa nacho, ndani ya sanduku, chini ya nguo. Nilikitoa nikampa. Ningeifanyia nini karatasi yenye jina la mtu? Lakini nilimchukia pale pale alipokuwa ananishukuru.

Alikipangusa vumbi, asiondoke.

"Dada, naomba unisimulie na fainali yenyewe. Kwenye usaili wataniuliza, nisije nikaumbuka."

Nikamsimulia. Nilimwambia uwanja ulivyokuwa wa mchanga, upepo ulivyokuwa unasukuma mipira nje, na yule mrefu wa upande wa pili tuliyekaa seti mbili bila kujua namna ya kumpita. Alikuwa anaandika kwenye simu, anatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka.

"Na mpira wa mwisho? Ulikuwaje?"

"Huo nimesahau."

Mama alikuwa pembeni anachambua korosho. Aliinua macho, akaniangalia. Mpira ule nimemsimulia kila msimu tukiwa shambani, na nikikosea mahali hunisahihisha. Akairudia korosho yake, akaigeuza, akaitupa kwenye fungu la mbovu.

"Ni kweli, mwanangu," akamwambia mgeni. "Hata mimi hajawahi kunisimulia."