Fungu la Mchunga Lililopokewa Mlango wa Nyuma

Enzi zetu pale Makorora hakuna aliyetuambia kwamba tunakula dawa. Tulikula mchunga kwa sababu nyama ilikuwa ya Ijumaa, basi. Asubuhi na mapema mama alitutoa, mimi na dada yangu Mwanahamisi, tukachume kwenye viwanja vilivyokuwa havijajengwa nyuma ya nyumba, na tulirudi miguu imelowa umande na vidole vimeingia weusi wa utomvu. Mchunga una ukali wake, jamani. Mama aliuchemsha, akaukamua kidogo tu, akautia tui la nazi. Tukikunja nyuso alisema, "Uchungu ukiutoa wote mtakuwa mmekula majani matupu."

Msimu wa zambarau ndio ulikuwa wa raha. Mwalimu alitupanga mstari tutoe ndimi, na mwenye ulimi wa rangi alihesabiwa kuwa amekwea mti wa watu. Tulichapwa karibu darasa zima. Maji ya mabungo tulikunywa mpaka meno yakafa ganzi, na ua wetu ulikuwa wa mlonge mtupu. Leo binti wa dada yangu ananunua unga wa mlonge kwenye kopo, lina hata kijiko cha kupimia, na haunywi kabla hajaupiga picha. Mlonge huo sisi tulifungia mbuzi.

Lakini Mwanahamisi hakuupenda mchunga hata siku moja. Shuleni walituita wala majani, mimi nikacheka, yeye akalia. Akaapa kwamba akipata kwake, jani halitaingia jikoni. Na kweli aliolewa na mtu mwenye nafasi, akahamia Raskazone, nyumba ya vigae. Kwake ilikuwa mkate mweupe, kuku wa kukaanga, na soda mezani asubuhi na jioni.

Siku moja mama akataka kwenda kumwona, nikamsindikiza. Kwa binti yako huendi mikono mitupu, kwa hiyo alichuma mchunga mwenyewe, akachagua teketeke tupu, akafunga fungu kwenye kanga yake mpya. Tulikuta sebuleni wamejaa wageni wa mume. Dada akatuzungusha mlango wa nyuma, akamwamkia mama shikamoo, akapokea fungu kwa mikono miwili. Mama akaenda uani kunawa miguu. Dada akafungua pipa la taka, akalitumbukiza fungu na kanga yake, akafunika. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama dirishani kwa nje, maji yanamchuruzika mikononi.

Njiani aliniambia tu kwamba jua limekuwa kali. Aliendelea kwenda Raskazone kila Idi, ila hakubeba tena mboga, mpaka tukamzika.

Sasa dada yuko kwangu. Mume alifariki, sukari ikamla mguu, na tangu mwaka jana inamla macho. Kliniki muuguzi mmoja mdogo alitukalisha akatueleza kwamba sahani ya kila siku iwe na rangi, kijani kilichokoza, zambarau, nyekundu, maana humo mna antioksidanti zinazoulinda mwili usichakae upesi. Hilo neno nililirudia njia nzima lisinipotee. Dada akamuuliza kama macho yatarudi. Muuguzi alisema hapana, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Kisha akataja mifano ya mboga nzuri, na ya kwanza ilikuwa mchunga. Nilimwona dada akiinamisha kichwa.

Kuutafuta kukawa kazi. Viwanja vyetu vyote vimejengwa, na uliosalia unaota kwenye mfereji wa maji machafu. Mwishowe shangazi yetu wa Moa akanitumia fungu kwa bodaboda. Nikaupika kama mama, nikaukamua kidogo tu, nikamwekea dada mkononi kijiko.

Alikula polepole, hakukunja uso. Katikati ya sahani akauliza, "Siku ile, mama aliona?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuitaja. Nikamwambia hakuona, alikuwa uani ananawa miguu.

"Usinidanganye," akasema. "Kanga yake hakuiulizia hata mara moja."

Tulikuwa na chakula cha namna hii mlangoni, bure, tukikionea haya mbele za watu, na leo watoto wetu wanakinunua kwenye kopo na wanajivunia. Mama angecheka. Au pengine asingecheka.

Dada akapapasa meza mpaka akaipata sahani, akaisogeza kwangu.

"Niongeze," akasema. "Na usiukamue tena."