Kiingilio Kilikuwa Mabua

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo sana. Kama mvua ya mbali inayoangukia mabua makavu ya mahindi, mvua isiyokaribia na isiyokatika. Nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye nguzo, macho nimefumba, nahesabu ili wenzangu wajifiche, tukicheza brikicho kule Ishiara. Nilipoisikia nilifumbua macho nikaangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Wingu hata moja halikuwapo.

Wiki hii yote nimeikumbuka, kwa sababu fundi amenisimamishia nguzo mbili za mti nyuma ya nyumba za kupanga ninapoishi, hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Mwenye ploti amekubali watoto wachezee pale. Nina mpango, rafiki yangu, na usinicheke. Mwaka huu bembea. Mwaka ujao mteremko wa mabati. Baadaye kivuli cha akina mama kukalia, halafu ile ya kuzunguka, halafu sijui nini. Mimi nikianza kupanga sikomi. Shule niliiachia njiani lakini kuota sijaacha. Ila mpango huu si wangu. Niliupokea kwa mtu mwingine, na jinsi ulivyomtoka mkononi ndiyo inayonifanya nipite mbali na hizo nguzo kila nikienda kuanika nguo.

Nililelewa na nyanya yangu, cucu, mwendo mfupi kutoka soko la Ishiara. Mama alifanya kazi ya hoteli Makutano, Meru mjini, akaja kutuona akipata nafasi, na nafasi ilikuwa na maringo. Cucu alinilea kwa uji wa mtama, ndengu na maneno machache. Asubuhi tulipeleka punda mtoni kuchota maji. Wakati wa mavuno tulipiga ndengu kwa fimbo hadi vumbi likatuingia masikioni. Joto la kule unalijua? Kuku hutembea wameachama midomo.

Mzee wa Bembea, ndivyo tulivyomwita, alishuka kwetu kutoka juu, upande wa baridi, upande wa kahawa. Miaka yake mingi ilikuwa imeishia kiwandani, kando ya mashine ya kumenya kahawa, na ile mashine ilikuwa imekula masikio yake. Ukitaka akusikie ulisimama mbele yake, ukamshika mkono, ndipo ukasema. Alinunua kipande cha ardhi nyuma ya soko akajenga uwanja wa michezo wa watoto, kitu ambacho hakuna mtu kwetu aliyekuwa amekiona. Kulikuwa na bembea, kulikuwa na mteremko wa mabati uliotuchoma makalio saa sita, na katikati kulikuwa na gurudumu. Gurudumu la vyuma, refu kuliko nyumba, limening'inizwa viti vinne, na vijana walilizungusha kwa mikono. Lilikaa juu ya nguzo za mukima, mti wa kivuli cha kahawa, alizozikata kwenye shamba lake huko juu, akazipaka buluu ya milango ya kanisa.

Pesa hakutaka. Kiingilio kilikuwa mabua. Kila mtoto alileta mzigo wa mabua ya mahindi au nyasi kavu, na Mzee akayatandaza chini ya michezo, tukianguka tusiumie. Ndivyo walivyofanya kwao kwenye kahawa, kufunika miguu ya miti ili unyevu usitoroke.

"Huku mnaacha udongo uchi kama mtoto wa kuogeshwa," alituambia. "Kwetu udongo hauachwi uchi."

Cucu alipoona mabua ya mbuzi wake yanatembea kichwani mwangu kwenda kwa Mzee, alinifuata hadi langoni. "Na mbuzi wangu wale nini? Wapande bembea?"

Nilimshika Mzee mkono nikamrudishia maneno. Alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Walete tu, mama! Mbuzi wanaingia bure!"

Cucu hakucheka. Alisukuma mabua kwa kidole cha mguu, akaangalia chini yake, akasema kama anayesema na nafsi yake, "Ardhi ya huku haina mdomo, lakini haijawahi kulala njaa." Kisha akarudi kwa mbuzi wake.

Jioni, jua likipoa, Mzee alituita tukakaa mbele ya gurudumu. Alichukua fimbo akachora mpango mavumbini. Hapa mwaka wa kwanza: rangi kila mahali. Hapa mwaka wa pili: viti viongezeke. Mwaka wa tatu, gurudumu lipande juu. Mwaka wa nne, treni ya kuvutwa na trekta, izunguke soko lote. Mwaka wa tano kidimbwi chenye maji ya mto, na watoto wa kutoka Meru waje kwa mabasi, walie wakikataa kurudi kwao. Halafu alimpa kila mmoja wetu fimbo aongeze lake. Mmoja alichora twiga. Mwingine alichora sufuria ya chapati, tukamzomea, Mzee akasema iachwe, watoto wakizunguka husikia njaa.

Mimi nilichora mstari mmoja kutoka gurudumu kwenda juu, mrefu, mpaka nikafika kwenye viatu vya Mzee.

"Hii ni nini, mami?"

Nikamshika mkono. "Ni gurudumu. Liwe refu nione Makutano. Nimwone mama."

Alisogeza kiatu mstari upite. "Si mwaka wa tatu," akasema. "Hiyo tunaileta mbele. Krismasi hii utapanda wa kwanza."

Na kweli akaanza. Aliongeza vyuma juu ya nguzo zile zile, na sisi tukaongeza mabua. Tuliyaleta kutoka kila shamba lililovunwa, hadi yakatufika magotini. Juu yalikuwa makavu na yanawasha. Ukiingiza mkono chini ulikuta joto na unyevu, na harufu kama ya chungu kilichofunikwa muda mrefu, ukautoa mkono haraka bila kujua kwa nini. Siku moja Mzee alisahau kofia yake ya ukindu juu ya mabua. Asubuhi tulikuta ukingo tu, umejaa udongo.

"Hata wadudu wa huku wanapenda bembea," alisema, akaenda akanunua nyingine.

Mara kwa mara mstari mwembamba wa udongo ulitokea kwenye nguzo, unapanda juu kama mshipa wa mkono. Mzee aliupangusa kwa kitambaa akapaka buluu. Mstari ukirudi, alipangusa akapaka tena. Usiseme watu wa kwetu hawakuwajua mchwa. Walijua mchwa kama walivyojua jua. Lakini nani angewaza mchwa kwenye kitu kinachong'aa namna ile? Nguzo zilikuwa nzuri kuliko chochote sokoni. Wazazi walisimama langoni wakizitazama, wakaenda zao wakitabasamu.

Basi siku ile ya brikicho nikasikia mvua.

Niliwaita wenzangu waweke masikio. Walisikiliza wakikanyagana, wakisukumana, wakasema hawasikii kitu. "Ati mti unatafuna!" mmoja akapiga kelele. "Mpelekeeni chumvi!" Tangu siku hiyo nikawa Mti Unatafuna, hata njia ya kwenda shule.

Nilimwambia Mzee. Aliinama, akaweka sikio lake lile lililokwisha kwenye nguzo, akakaa hapo muda mrefu kwa heshima yangu, mimi nikiangalia uso wake. Kisha akaigonga kwa ngumi. "Upepo, mami. Upepo kwenye vyuma."

Hakukuwa na upepo.

Cucu nilimwambia tukichambua ndengu. Hakuinua kichwa. "Usipande," alisema.

"Na mama?"

Hapo mikono yake ilisimama. Tulikuwa tumepata ujumbe kwamba mama hatakuja Krismasi, hoteli imejaa wageni. Cucu aliangalia ndengu ungoni kana kwamba jibu limechanganyika humo na mawe. "Mama yako yuko palepale alipo," akasema, "ukipanda usipopanda."

Nami, rafiki yangu, nilitaka kupanda. Usiku nililala nikiona Makutano kama meza iliyoandaliwa, na mama anapita katikati na sinia ya chai. Halafu katikati ya raha hiyo mvua ile ndogo inaanza.

Krismasi ilifika. Tulitoka kanisani tukala mukimo na chapati, tukaenda uwanjani na nguo mpya zinazonuka duka. Watu walikuwa wengi. Watoto walijipanga nyuma yangu mstari hadi nje ya lango, wale wadogo wamebeba vimzigo vya mabua vinavyowafunika uso. Gurudumu lilikuwa limepanda kweli, kiti cha juu kimekaa angani peke yake. Mzee aliniita mbele ya umati, akashika kiti kisitikisike.

"Mami, Makutano inakungoja."

Nilienda. Kabla ya kukaa nilishika nguzo, kichwa kikaiegemea, na sikio likagusa rangi.

Haikuwa mvua ndogo tena. Ilikuwa ile ya masika.

"Sipandi," nikasema. Nikageuka nikaona mstari ule wote wa watoto. Nikakumbatia kiti kwa mikono miwili. "Na mtu asipande!"

"Toka, muoga!" walipiga kelele nyuma. "Mti Unatafuna, toka wenye macho tuone Meru!" Mama mmoja akasema mtoto huyu ameshikwa na chapati. Watu wakacheka. Nilikuwa nalia, sikuachilia.

Mzee hakukasirika. Alichuchumaa, akanipa mkono wake nimshike, kama ilivyokuwa desturi yetu. Nikasema, "Inatafuna."

Aliniangalia sana. Nafikiri hakuniamini. Lakini aliona ninaogopa kwa dhati, na roho yake haikuweza kuacha mtoto aogope siku ya Krismasi. "Basi nitangulie mimi," akasema. "Nikuangalizie. Nikishuka nitakwambia mama amevaa nini."

Akanitoa kwenye kiti polepole, kidole kimoja kimoja, akakaa yeye. Vijana wakazungusha. Alipanda mzima mzima, viatu vyake vya kanisani vikapita usawa wa macho yangu, usawa wa kichwa, vikaenda. Watu walipiga makofi. Kule juu kabisa alisimamishwa, akakinga jua kwa mkono.

"Naiona!" akapaza sauti. "Naiona Makutano! Namwona, mami! Amevaa..."

Nguzo haikuvunjika kwa kishindo. Ilipiga magoti. Rangi ya buluu ilikunjika kama karatasi, na ndani hakukuwa na mti. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu, unyevu, unaotembea. Gurudumu lote likainama kando, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kulala, na Mzee akaanguka kwenye mabua.

Mabua ndiyo yaliyokuwa yamewaleta wale wadudu mpaka kwenye nguzo, na mabua hayo hayo ndiyo yaliyompokea. Bila hayo angekufa. Nyonga ndiyo iliyovunjika. Wanaume walimbeba juu ya mlango wa kibanda hadi kwenye pikapu ya kumpeleka Embu, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Nilipenya katikati ya miguu yao. Nikasimama mbele yake, nikamshika mkono ili anisikie, lakini yeye ndiye aliyeuliza.

"Juu kulikuwa na mtoto?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi," akasema, akafumba macho.

Hakurudi Ishiara. Tulisikia alipona akatembea kwa mkongojo huko kwenye baridi yake. Vyuma vilichukuliwa na mtu huyu na yule. Mvua za masika zilifuta mpango mavumbini, treni na twiga na sufuria ya chapati, na pale gurudumu lilipokuwa kichuguu kikaota, kikapanda kila mwaka bila kuambiwa. Cucu naye alikwenda, na mbuzi wake wakagawanywa. Mama alikuja Pasaka iliyofuata Krismasi ile. Nilikaa mapajani mwake nikainusa leso yake, na swali likanijia hadi mdomoni. Krismasi ulikuwa umevaa nini? Sikuuliza. Mpaka leo sijamuuliza.

Nilipita kule juzi juzi. Kuna stoo ya simiti sasa. Watoto waliokaa kibarazani hapo walinitazama nikisimama barabarani, mtu mzima anaangalia juu mahali pasipo na kitu. Nani wa kuwaambia kwamba hapo ndipo Makutano ilipoonekana?

Jana jioni, hapa Dallas, jirani yangu alinishtua kwa wema. Ni mama mwenye roho nzuri, wa kutoka juu, wa kwenye kahawa. Nilirudi kutoka kazini nikakuta amemwaga nyasi kavu chini ya nguzo zangu mbili, zimejaa, zinapendeza. "Watoto wasiumie," akaniambia. Nikamshukuru.

Leo asubuhi, kabla mtu hajafungua mlango, nilitoka na ufagio. Nilizikusanya nyasi zote nikazibeba mbali hadi kwenye ukuta, nikarudi, nikafagia mpaka udongo ukabaki uchi. Chini sitaweka kitu ila mchanga. Kisha nikaweka ufagio chini, nikapiga magoti kwenye baridi, nikafumba macho, nikaegemeza sikio kwenye nguzo.