Choo Kibovu Chenye Kunukia Udi

Mwenye funguo za chuo kimoja cha Maskati alikuwa mama wa Kizanzibari, vidole vya hina, sauti ya kulalamika, na mwaka ule wa 2003 alichokilalamikia zaidi ni choo cha mwisho kwenye korido. Kikao cha walimu kilikuwa kimeamua kwamba Jumana, msichana aliyeandikishwa mvulana tangu kuzaliwa, asiingie vyoo vya wanaume wala vya wanawake; ajizuie mpaka afike kwao, mtaa wa Hail. Kesho yake mama alibandika karatasi kwenye mlango wa choo kile cha mwisho, "Kibovu", na tangu hapo kila asubuhi aliingia humo na ndoo ya maji safi na chetezo cha udi. Fundi bomba akija kutoka Wadi Kabir, alimnywesha kahawa, akampeleka kwengine.

Siku moja alikuwa amesimama hapo na Bi Nasriya, mkuu wa chuo aliyekiongoza kikao kile, maji yakasikika yanamwagwa ndani.

"Mama, si umesema kibovu hichi?"

"Kibovu, mwanangu. Ndo maana nnakifukiza."

Mlango ukafunguka, Jumana akatoka, akaamkia, akapita. Bi Nasriya aliitazama karatasi, kisha akaibandika vizuri pembe iliyobanduka.

"Huyo fundi mwambie asije tena," alisema. "Atakuja kukiharibu."